Maua Sitini na Moja

Durban, tarehe 26 Agosti 2012

Mama mkwe mheshimiwa,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, ingawa hunioni, kwa maana sikuzoea kukaa mbele yako. Huku Albert Park sote tuko wazima. Blaise, tunayeishi naye chumba kimoja, aliumwa jino wiki mbili. Sasa limeng'olewa na amerudi kuongea usiku. Bado tuko wanne na pazia moja. Bado nalinda magari kwenye maegesho ya barabara ya Umbilo.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima. Ya pili ni maboga.

Kwenye maegesho yetu huja mama mmoja mzee, mjane, anaitwa Madam Roux. Jina lake lilinidanganya: siku ya kwanza nilimwamkia kwa Kifaransa, akaniuliza kama naumwa. Mwezi wa Julai aliona jinsi ninavyoandika kwenye daftari namba ya kila gari, saa ya kuingia na saa ya kutoka, akasema mtu wa namna hiyo ndiye anayemtaka kwa bustani yake. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mtoto wa karani wa bandari ya Kalundu na mboga nilizijua sokoni. Akasema bustani inaweza kufundishwa, lakini daftari haliwezi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya maegesho, niko kwake. Nyuma ya nyumba iko nyumba nyingine ndogo ya vioo, ya kukuzia mimea. Marehemu mume wake aliijenga kwa sababu ya tumbili, ambao hapa hawaogopi mtu. Madirisha yake yote yana wavu mwembamba, hata nzi hapiti. Humo marehemu alipanda maboga madogo ya mviringo, makubwa kama ngumi, ambayo watu wa huku huyachemsha na kuyala na siagi. Kila Krismasi aliyaweka mezani kabla ya majirani wote. Tangu afariki, miaka mitatu, hakuna hata moja.

Na ukutani kwa nyuma kuna chumba chenye mlango wake na bomba lake. Madam Roux ameniambia hivi: nyumba ya vioo ikimpa maboga ya Krismasi kama zamani, tarehe 31 Desemba chumba ni changu na mke wangu. Isipompa, atampangishia mwanafunzi.

Mama, hapa nakuomba siri. Nimekwisha kumwambia Constance kwamba chumba ni chetu. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliotangulia tarehe yake. Kwa hiyo siwezi kumuuliza yeye habari za kilimo, maana ataniuliza ni kwa nini nina haraka. Wewe umelima miaka arobaini. Naomba unishauri.

Hadi sasa: tarehe 4 nimeosha vioo kwa sabuni, ndani na nje. Tarehe 6 nimechekecha mboji. Tarehe 12 nimepanda mbegu za boga ishirini na nne, zimeota kumi na tisa. Wanasema majira ya kuchipua huku huanza Septemba, lakini majani hayajasoma kalenda, yameanza.

Mkwe wako kwa heshima,
Méthode


Uvira, tarehe 16 Septemba 2012

Mkwe wangu,

Barua yako Gustave, mchuuzi wa vitenge, ameileta Jumatano, imekunjwa ndani ya soksi, lakini inasomeka. Sisi ni wazima. Mbuzi amezaa pacha. Bati la kanisa liliruka na upepo wa ziwani likakutwa kwa Waadventista, nao wanasema ni Mungu amewapa. Constance ni mzima, anafundisha, jioni anasahihisha madaftari hapa kwangu kwa sababu taa yangu ni nzuri.

Ukweli uliotangulia tarehe yake, sisi huku tunauita uongo. Lakini umeniomba, nimenyamaza. Na usinipigie simu. Constance ananiambia, Mama, si uongee naye tu dakika moja. Sauti ya mkwe sikioni ni sawa na kukaa naye kitanda kimoja. Barua ina heshima.

Sasa sikiliza. Samadi iwe ya zamani, iliyokauka, si ya leo. Maji mwaga asubuhi, kwenye mguu wa mmea, majani usiyalowanishe. Miche kumi na tisa ni mingi kwa nyumba moja. Acha minane iliyo minene, mingine mgawie jirani. Usiionee huruma. Udongo usishindilie kama unaweka nguzo.

Mimea kukaa ndani na tumbili kukaa nje wakiitazama, hilo sijaliona tangu nizaliwe.

Maua yakitoka, niandikie.

Mama yake Constance


Durban, tarehe 7 Oktoba 2012

Mama mkwe mheshimiwa,

Pongezi kwa pacha wa mbuzi, na pole kwa bati. Sisi ni wazima. Blaise ameanza kuimba kwaya, na mazoezi anayafanyia nyuma ya pazia.

Ushauri wako nimeufuata wote. Nilibakiza miche minane na kuihamishia kwenye vyungu vikubwa, kila kimoja na namba yake ya rangi nyeupe. Mengine ya mwezi huu: nimekata nyasi mara nne, nimefunga nyanya kwenye vijiti, nimetoa majani makavu kwenye mfereji wa bati, nimenoa mkasi wa miti, nimepaka rangi benchi. Tarehe 2 nilipanda kundi la pili la maboga, vyungu sita, kwa tahadhari.

Na maua yametoka. Hapo ndipo ninapofurahi kukuarifu kwamba nimegundua jambo kwa macho yangu mwenyewe. Maua ya boga ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ina kiboga kidogo nyuma yake, kama shanga ya kijani. Aina ya pili haina kitu, ni ua juu ya kijiti chembamba, na ndiyo mengi zaidi. Nilikaa siku tatu nikiyachunguza. Haya ya pili hayazai hata siku moja. Yanafunguka, yanajionyesha, yananyauka. Nikaona yanakula chakula cha wenzake bure. Kwa hiyo kila asubuhi nayakata yote kabla hayajafunguka. Daftari linasema: tangu tarehe 24 Septemba hadi leo nimeondoa maua yasiyozaa sitini na moja. Hayakupotea, nimeyakaanga na kitunguu, tumekula wanne.

Jambo moja tu linanisumbua. Viboga vyenyewe vinageuka njano na kuanguka. Hadi leo vimeanguka kumi na saba. Madam Roux anaingia, anaviangalia pale chini, anatoka. Nimemuuliza marehemu alifanyaje. Amesema hajui, kwa sababu kila asubuhi aliingia humo peke yake na kufunga mlango, na yeye miaka yote alidhani anavuta sigara.

Je, ni samadi? Ni maji? Naomba jibu lako.

Mkwe wako,
Méthode


Uvira, tarehe 25 Oktoba 2012

Mkwe wangu,

Sisi ni wazima. Waadventista wamerudisha nusu ya bati.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilitoka nje kidogo.

Si samadi. Si maji.

Maua hayo uliyoyakata, usiyakate tena. Wala usiyakaange. Usiniulize kwa nini. Kila kitu alichokiumba Mungu kina kazi yake, hata kile kinachoonekana hakifanyi kazi. Ulisoma sekondari, wewe. Hawakuwafundisha?

Ninyi humo ndani nyuki hawaingii. Fungua madirisha, toa wavu, acha nyuki wapite, halafu wewe ondoka uende zako, usisimame kuangalia. Ni jambo linalokwenda lenyewe likiachwa.

Na usome Mwanzo, sura ya pili, mstari wa kumi na nane. Usome polepole.

Zaidi ya hapo mimi ni mama mkwe wako. Yako mambo ya shamba ambayo kinywa changu hakiwezi kukuambia.

Mama yake Constance


Durban, tarehe 11 Novemba 2012

Mama mkwe mheshimiwa,

Sisi ni wazima, ila mvua. Blaise amefukuzwa kwaya na sasa anaimba kwa uchungu.

Nakushukuru kwa barua. Nimetekeleza kila neno kama ifuatavyo.

Kukata maua nimeacha siku ileile. Shuleni walitufundisha, tulichora ua la hibiskasi, nikapata kumi na nane juu ya ishirini. Lakini hibiskasi ina kila kitu chake ndani ya ua moja, haimhitaji mtu. Nilidhani maua yote ni hivyo.

Madirisha: nilitoa wavu Alhamisi tarehe 8, nikaondoka kama ulivyosema, sikusimama kuangalia. Ilinigharimu. Niliporudi, tumbili saba walikuwa ndani. Nyanya zimekwisha. Saladi imekwisha. Mmoja mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu. Madam Roux alikuwa jikoni anagonga sufuria, na tumbili wanamsikiliza. Nyuki sikuona hata mmoja. Nadhani nao waliogopa. Wavu nimeurudisha. Kwa bahati maboga hawakuyagusa, kwa sababu hakukuwa na boga la kugusa.

Maandiko: nimesoma polepole. "Si vema huyo mtu awe peke yake." Nilielewa. Vyungu vilikuwa vimesimama kimojakimoja, mita moja kati ya chungu na chungu. Nimevipanga viwiliviwili, majani yanagusana. Namba moja na namba mbili, tatu na nne, hadi mwisho. Nimeviacha hivyo siku kumi. Viboga vimeanguka tisa.

Mama, sasa nina hofu. Constance amenipigia simu jana. Amekwisha kumwambia mwenye nyumba wake kwamba anatoka mwisho wa Desemba. Vyombo ameanza kuwagawia majirani. Ameuliza chumba kina dirisha upande gani, ili ajue pazia la kushona. Nikamwambia mashariki. Nikikosa chumba hiki atafikia nyuma ya pazia la Blaise.

Zimebaki siku hamsini. Naona unajua jambo ambalo mimi silijui. Naomba, kwa heshima zote, uliandike waziwazi kwa namba: moja, mbili, tatu. Nitalinakili kwenye daftari.

Mkwe wako,
Méthode


Uvira, tarehe 29 Novemba 2012

Mkwe wangu,

Namba sitaandika. Na kulinakili kwenye daftari, hata usifikirie.

Barua yako nimeipata juzi. Nimekaa nayo mchana kutwa. Nilitaka nimwambie mjomba wake Constance akuandikie, lakini mjomba wake kalamu inamshinda. Jioni nikaomba simu ya jirani nikampigia Mama Élisabeth, yule wa mtaa wa Kimanga hapa Uvira aliyehamia huko kwenu, mwenye kibanda cha kusuka nywele. Ameahidi kwenda. Barua hii ikikufikia atakuwa amekwisha kufika.

Akija, mtii kwa yote. Na alichokuambia usiniandikie. Hata kidogo.

Mama yake Constance


Durban, tarehe 9 Desemba 2012

Mama mkwe mheshimiwa,

Sisi ni wazima. Jibu lako kwa barua yangu ya mwezi uliopita bado sijalipata, lakini kuna habari ambayo lazima nikuandikie yote, kwa mpangilio.

Jumamosi tarehe 1, saa mbili asubuhi, Mama Élisabeth alifika kwenye geti la Madam Roux na mwavuli, wanja na viatu vya kanisani. Nilimjua kwa kumsikia tu. Akasema ametumwa na Uvira, akapita bila kungoja. Madam Roux alitoka kwa kelele za mbwa wa jirani, akatufuata mpaka nyumba ya vioo, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Mama Élisabeth aliangalia vyungu nilivyopanga viwiliviwili. Aliuliza ni nani ameviweka hivyo. Nikamweleza habari za Mwanzo. Akakaa kwenye kiti cha marehemu na kuufunika uso kwa mwavuli, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akaniomba nirudie habari za maua sitini na moja. Nikamsomea kutoka daftari.

Ndipo akasema, na naandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Eish, Méthode. Unakata mabwana wote, unawakaanga na kitunguu, kisha unakaa na kalamu unauliza sababu gani mabibi hawazai?"

Nikafunga daftari. Akaendelea:

"Mama mkwe wako iko na haya kukuambia. Mie si mkwe wako. Njoo hapa, angalia."

Akachuma ua moja la aina ile ya pili. Akalivua majani yake ya njano, taratibu, kama anavyovua mtu aliyezoea. Kikabaki kile cha katikati chenye unga. Akaenda nacho kwenye ua la aina ya kwanza lililokuwa limefunguka, na hapo, Mama, akafanya kazi ambayo ingefanywa na nyuki kama nyuki wangekuwako. Akafanya kwa ua la pili na la tatu. Akasema ni asubuhi tu, kabla ya jua kali, na usiwe na haraka. Mimi nilikuwa naangalia mfereji wa bati.

Madam Roux akauliza huyu mama anasema nini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anasema mimea haipendi upweke. Madam Roux akaangalia lile ua mkononi mwa Mama Élisabeth, akaangalia mlango, akaangalia kiti. Akasema polepole kwamba kumbe haikuwa sigara. Akaingia ndani na chai yake.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nafunga mlango na kufanya kazi ile. Matokeo: kwenye kundi la pili viboga saba vimeshika, havijageuka njano, na kimoja tayari ni kikubwa kuliko yai.

Sasa nakuomba msamaha, Mama. Jana nimekaa nimezisoma nakala za barua zangu zote kwenye daftari. Naelewa kwa nini ulitoka nje. Nilikuwa namwandikia mama mkwe wangu, kwa tarehe na kwa idadi, mambo ambayo mtu hamwandikii hata kaka yake. Kama barua hizo bado unazo, naomba ziingie motoni.

Mkwe wako aliyeona haya,
Méthode

Tarehe 14. Gustave amefika leo na barua yako. Unasema nisiandike alichosema. Nimekwisha kuandika. Nilitaka kuuchana ukurasa huu, lakini Gustave anarudi kesho kwa ndege mpaka Bujumbura, tiketi amelipiwa na tajiri wake, na sina muda wa kuandika upya. Naomba usiusome.


Uvira, tarehe 26 Desemba 2012

Mkwe wangu,

Krismasi imepita salama. Pacha mmoja wa mbuzi tumemla, Mungu anisamehe, alikuwa mtamu.

Ukurasa huo sikuusoma. Nimesoma mpaka kwenye mwavuli nikauweka chini, na kisha nikauinua tena kuhakikisha kwamba nimeuweka chini. Barua zako haziingii motoni. Nimezifungia kwenye kasha pamoja na vyeti vya ubatizo.

Lakini kuna jambo lazima ulijue. Mimi siri yako nimeitunza. Constance hakusikia neno kutoka kwangu. Ila wewe ulimwomba Mama Élisabeth anyamaze? Hukumwomba. Mimi pia sikumwomba; nilidhani mtu akitumwa kwa siri anajua ni siri. Ameirudisha habari Kimanga yote kabla ya barua yako kuvuka Zambezi. Jumapili, nje ya kanisa, wake wa wazee walikuwa wanamuuliza Constance kama mume wake amekwisha kuacha kukaanga mabwana.

Alikuja kwangu na kofia yake ya kanisani imepinda. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mimi ni mama mkwe, sijui kitu. Akasema, "Na chumba? Kuna chumba, Mama, au hakuna?" Hapo sikuweza. Nikafungua kasha nikampa barua zote.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika Mwanzo sura ya pili alikaa. Alicheka mpaka paka akatoka. Kisha akawa analia kidogo, na mimi nikaenda kuangalia moto.

Aliporudi akasema, "Niliolewa na mtu wa daftari, Mama, najua. Lakini angeniambia ukweli ningekwisha kwenda Septemba. Mimi maboga najua tangu nina miaka sita."

Amekata tiketi ya kesho. Hakungoja tarehe 31, wala hajui kama maboga yameiva. Amesema kama ni pazia la Blaise, basi ni pazia la Blaise, ila Blaise ataacha kuimba. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Imefungwa kwa gundi, lakini kwa jinsi ninavyomjua atakuwa ameisoma.

Mpokee vizuri. Uongo usimwambie tena, hata uliotangulia tarehe.

Mama yake Constance


Durban, tarehe 13 Januari 2013

Mama mkwe mheshimiwa,

Constance alifika Jumapili iliyopita, siku kumi barabarani, miguu imevimba, furushi moja na pazia moja la dirisha la mashariki. Bahasha ilikuwa imefunguliwa.

Nilimpokea stendi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya msamaha, aya nne. Alinisikiliza mpaka aya ya pili, kisha akaniambia ameyasoma yote kwenye barua na yaliandikwa vizuri zaidi kule. Akauliza tunakwenda wapi.

Mama, tulikwenda kwa Madam Roux. Siku ya Krismasi nilimpelekea jikoni maboga sita. Akayachemsha mwenyewe, akakata moja katikati, akaweka siagi, akala lote. Mimi nilisimama karibu na jokofu. Alipomaliza akasema ya marehemu yalikuwa makubwa zaidi. Nikaona chumba kimekwenda. Nikamwuliza, kwa adabu, kama hilo ndilo jibu. Akasema jibu ni tarehe 31, si tulikubaliana tarehe 31? Na tarehe 31, saa tatu asubuhi, alikuja mpaka maegesho ya Umbilo akanipa ufunguo kupitia dirisha la gari. Akaniambia niandike saa.

Dirisha liko kusini. Constance ametundika pazia hivyohivyo, na anasema atanikumbusha mashariki mpaka tuzeeke.

Jumatatu asubuhi nilimwonyesha nyumba ya vioo na kumweleza taratibu zote. Aliangalia vyungu vyenye namba, akaniangalia mimi, akanitoa nje kwa mkono na kufunga mlango. Kazi ya maua sasa ni yake. Mimi nakaa kwenye benchi na daftari, naye ananitajia idadi kupitia kwenye wavu, naandika. Madam Roux akipita na chai yake anageuza uso upande wa barabara.

Idadi ni nzuri. Lakini hapa, Mama, sitaiandika.

Mkwe wako,
Méthode